Tangazo Huku, Kitabu Kule

Tarehe 7 Oktoba 2021, Akademia ya Uswidi ilipotangaza kwamba mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, riwaya ya Afrika Mashariki ilipata tangazo ambalo hakuna mchapishaji duniani angemudu kulilipia. Redio zilimtaja kutwa, magazeti yakampa ukurasa wa mbele, wakubwa wakatuma pongezi, na mitandaoni watu wakabishana hadi usiku wa manane kama huyu ni Mtanzania au Mwingereza. Kilichokosekana kilikuwa kitabu. Siku ile hakuna hata riwaya yake moja iliyokuwa imechapishwa kwa Kiswahili. Paradise, iliyotoka mwaka 1994 na kuingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker, ilisubiri mpaka 2022 ndipo kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaitoa kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28. Aliyesikia habari ile akiwa Morogoro au Kisumu, akatamani kumsoma kwa lugha yake, alikuwa na hamu na pengine pesa pia, ila hakuwa na pa kuzipeleka.

Kisa hicho ni kikubwa kupita kiasi, lakini mwandishi wa riwaya wa Kiswahili anayeishi Temeke au Eldoret atakitambua mara moja, kwa sababu humpata kila anapotoa kitabu, ila kwa kipimo kidogo. Anahojiwa redioni asubuhi, watu wanapiga simu studio kumsifu, mtangazaji anauliza kitabu kinapatikana wapi, naye anataja duka moja lililo katikati ya jiji pamoja na namba yake ya simu. Msikilizaji wa Tunduma ameshaachwa hapo. Tumezoea kuyazungumzia maisha ya mwandishi kama kazi mbili zilizotengana, kuandika na kutangaza, tena hiyo ya pili tukiiona kama usumbufu ulioletwa na zama hizi za simu. Nadhani tumekata mahali pasipo kiungo. Mwandishi wa Kiswahili tangu mwanzo amebeba mzigo wake sokoni mwenyewe. Kilichowatenga waliosomwa na wasiosomwa ni jambo dogo ambalo semina za uandishi hazilitaji: je, tangazo la kitabu na kitabu chenyewe vilikuwa mahali pamoja, kwa wakati mmoja, mbele ya mtu mwenye pesa mfukoni?

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mtunzi anajikuta sokoni. Mkataba wa uchapishaji humpa mwandishi mrabaha, yaani fungu la mauzo, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni asilimia 10. Tuchukue mfano wa riwaya inayouzwa shilingi 12,000 za Tanzania. Nakala 1,000 zikiisha zote, mwandishi anapata shilingi 1,200,000. Zikichukua miaka miwili kuisha, na si ajabu zikapitiliza, hiyo ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Na mkataba usomwe mpaka maandishi madogo ya chini: ikiwa asilimia hiyo inahesabiwa kwenye pesa inayomfikia mchapishaji baada ya mwenye duka kukata, tuseme, theluthi yake, ile milioni moja na laki mbili inashuka hadi laki nane. Ndiyo maana ukiwatafuta waandishi wetu wakubwa utawakuta kwenye orodha ya mishahara ya mahali fulani. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali. Euphrase Kezilahabi alikuwa mhadhiri, kwanza Dar es Salaam na baadaye Botswana. Said Ahmed Mohamed alifundisha Osaka na Bayreuth. Ken Walibora alisoma habari kwenye televisheni ya Nairobi na kufundisha chuo kikuu. Wala si ugonjwa wetu peke yetu: Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyetoa riwaya zaidi ya 40, aliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini Posta, saa iko mezani, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa.

Anayeona asilimia 10 ni ndogo huamua kuchapisha mwenyewe. Hapo hesabu inageuka sura bila kuwa nyepesi. Tuseme ametoa nakala 500 na kila moja imemgharimu shilingi 5,000 kwa mpiga chapa. Ametoa milioni mbili na nusu kabla hajamwona msomaji hata mmoja. Akiuza kwa mkono wake kwa 12,000, nakala ya 209 ndiyo inayorudisha mtaji. Akiuza kupitia duka, naye akapokea 8,000, itabidi zifike 313. Ndugu, majirani na watu wa kazini wanaweza kumaliza mia moja, tena kwa moyo mkunjufu. Baada ya hao huanza ukimya unaojulikana na kila aliyejaribu, maboksi yamepangwa chini ya kitanda na mchwa wanapiga hesabu zao.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kuna wanaosema zamani mambo yalikuwa afadhali. Miswada ya Shaaban Robert ilisafiri mbali sana kutafuta chapa: mashairi ya Pambo la Lugha yalichapishwa Johannesburg mwaka 1947, na Kusadikika ilitolewa na kampuni ya Nelson ya Uingereza mwaka 1951. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaamua kujichapishia baadhi ya vitabu vyake huko Tanga. Yule tunayemsoma darasani kama mwalimu wa maadili alikuwa pia mtu wa kuhangaika na gharama za chapa na nakala zisizouzika. Kuanzia 1948 kulikuwa na East African Literature Bureau, shirika la serikali za kikoloni, ambalo lilichapisha, likaendesha mashindano ya uandishi, na, jambo ambalo hatulikumbuki sana, likasambaza. Lilikuwa na huduma ya maktaba iliyopeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuazimisha wasomaji kwa njia ya posta. Muhammed Said Abdulla, mhariri wa magazeti kutoka Zanzibar, alishinda shindano la shirika hilo mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, na kiko chake walitangulia kupendwa kwa sababu walikuwa wakipendeza, bila shaka, lakini pia kwa sababu kulikuwa na sanduku la kuwafikisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo nalo likagawanyika, Kenya ikabaki na tawi lake lililokuja kuwa Kenya Literature Bureau.

Hapa ndipo hupandishwa ile hoja kuu ya kukatisha tamaa: Waswahili hawasomi. Inarudiwa kwenye kila kongamano, mara nyingi na watu ambao wenyewe wamekuja na mkoba bila kitabu ndani. Ushahidi wa miaka ya 1970 na 1980 unaikataa. Tanzania ilikuwa imetoka kwenye kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuta takribani theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma, na takwimu rasmi za katikati ya miaka ya 1980 zikadai wanaojua wamekaribia asilimia 90. Tuseme takwimu zile zilitiwa chumvi. Hata zikipunguzwa nusu, lilikuwa jeshi jipya la wasomaji. Nani aliwalisha? Serikali iliwapa vijitabu vya kilimo bora na afya. Riwaya walizozigombania ziliandikwa na kina Eddie Ganzel, Hammie Rajab, Elvis Musiba na Ben Mtobwa: upelelezi, mapenzi, fitina za mjini. Hakuna mwalimu aliyewalazimisha kumsoma Willy Gamba wa Musiba wala Joram Kiango wa Mtobwa, na hakukuwa na mtihani mbele. Vilikuwa vitabu vyembamba vya karatasi hafifu, vya kukunja na kutia mfuko wa nyuma wa suruali, vikiuzwa palepale watu walipokuwa wakisubiri basi. Nakala moja ilipita mikono kumi hadi jalada likabanduka, msomaji wa kumi na moja akaanzia ukurasa wa tano.

Waandishi hao walikuwa wafanyabiashara waliojua njia, na hili halisemwi vya kutosha. Musiba alianza kwa shirika lile la Afrika Mashariki, lililomtolea Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha akachapisha chini ya kampuni yake mwenyewe, na miaka ya baadaye akafika kuiongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alianzisha Heko Publishers na kumiliki gazeti. Sidhani ni bahati tu kwamba majina yanayokumbukwa na wazee wa leo waliokuwa vijana wakati huo ni ya watu walioshika ncha zote mbili za kamba, kalamu huku na kibanda cha kuuzia kule. Wapo waliokuwa na kalamu nzuri kuliko yao. Hao tunawasoma kwenye tasnifu.

Gazeti ndilo lililofanya muujiza zaidi, na muujiza wenyewe ni rahisi kuueleza. Riwaya ikitolewa sehemu kwa sehemu gazetini, tangazo na bidhaa vinakuwa kitu kimoja. Msomaji halipii riwaya. Analipia gazeti la siku hiyo, ambalo muuzaji amemletea hadi dirisha la daladala, na ndani yake kuna kipande kinachokatika mlango unapogongwa. Wiki ijayo analipa tena. Eric Shigongo wa Global Publishers aliielewa hesabu hii kuliko wengi: hadithi zake ndefu zilipita kwenye magazeti yake mwenyewe, toleo moja likilitangaza lingine, kisha zikakusanywa kuwa kitabu ambacho tayari kilikuwa na watu wanaokisubiri. Wanaodharau magazeti hayo kwa udaku wao wakumbuke kwamba Charles Dickens alijipatia jina kwa njia hiyohiyo. The Pickwick Papers ilitoka kwa vipande vya kila mwezi kati ya 1836 na 1837, kila kipande shilingi moja, kwa watu ambao wasingeweza kununua kitabu kizima kwa mkupuo.

Hoja ya pili inatoka kwa wenye heshima zao, nayo ina uzito. Wanasema kazi ya mtunzi ni kutunga. Akianza kuhesabu nakala na kupiga picha na jalada kila asubuhi, sanaa inashuka thamani, na muda wa kuandika unaliwa. Nakubali nusu yake. Riwaya ya vipande ina ada yake: kila sura lazima imalizikie kisu kikiwa hewani, mhusika hapati nafasi ya kukaa kimya akawaza, na mwandishi anayelipwa kwa wiki huona ugumu wa kumuua shujaa anayemlisha. Sioni jinsi Kezilahabi angeandika Nagona kwa kipande cha kila Ijumaa. Lakini tumuangalie vizuri mwandishi huyo asiyejishusha sokoni. Anaweza kukaa mbali na soko kwa sababu kuna mshahara wa chuo unaoingia mwisho wa mwezi. Soko limelipwa na mtu mwingine, basi. Kumwambia kijana asiye na mshahara afuate mfano wa profesa ni kumwambia aache kuandika, ila kwa lugha ya adabu. Na mchapishaji je, si kazi yake kuuza? Ni kazi yake, kwenye karatasi. Kwa uhalisia wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya kiada, na ofisa mauzo anayezunguka shule na shehena ya sayansi na hisabati hana sababu ya kukesha kwa ajili ya riwaya itakayouza nakala mia tatu.

Hapo tumefika kwenye barabara kuu ya riwaya ya Kiswahili, na ndiyo pekee iliyowekwa lami: shule. Kenya huielezea vizuri kuliko kwingine. Kiswahili ni somo la lazima hadi mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, na mwaka 2024 watahiniwa walizidi 960,000. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa, kila mmoja wao anaihitaji. Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilipita hapo, ikafuata Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, halafu Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na baadaye Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Tanzania nako, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi imesomwa na kidato cha tano na sita kwa muda mrefu. Filamu iliyotokana nayo, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilipoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, mwezi mmoja tu kabla ya habari za Gurnah, aliyeiona sifa yake na kutaka kitabu alikipata, maana kilikuwa madukani kwa ajili ya wanafunzi. Tangazo lilikuta bidhaa rafuni.

Basi kwa nini mwandishi asisubiri tu orodha? Kwanza, orodha ina nafasi moja ya riwaya, pengine mbili au tatu, na hukaa miaka mingi kabla ya kubadilika. Pili, inamfanya mwandishi aandike huku anachungulia bega la kamati: Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni, kisha miaka ikapita ikasomeshwa, na kila mtunzi aliyefuata alijifunza kitu fulani kutoka kwenye mkasa ule, hata kama hakukisema. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, shule hununua kitabu bila kuzalisha msomaji. Nenda kwenye vibanda vya vitabu kuelekea mitihani uone kinachochukuliwa haraka: mwongozo. Kijitabu cha dhamira, wahusika na tamathali za usemi, kilichoandikwa na mtu mwingine, kikifupisha riwaya hadi mwanafunzi asiihitaji. Anayemwelezea Bukheti wa Vuta N'kuvute kwenye karatasi ya mtihani huenda hajawahi kumkuta ndani ya hadithi. Siku matokeo yakitoka, riwaya na mwongozo vyote vinauzwa kwa kilo kwa muuza karanga.

Barabara hiyo ina hasara nyingine ambayo hutokea pembeni yake. Tangu 2018 serikali ya Kenya hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni. Mzazi amepumua, na haki yake. Lakini duka la vitabu la mji mdogo lilikuwa likiishi kwa hisabati na jiografia, na rafu yake ya riwaya ilikuwa kama mchicha unaoota kwenye maji ya mahindi. Mahindi yakiondoka, hakuna anayemwagilia mchicha. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye vitabu na sheria ya 2013, utaona kwa nini msomaji wa Nyamira anayetaka riwaya ambayo haimo kwenye mtihani hana budi kusubiri mtu anayetoka Nairobi.

Serikali na wafadhili nao wamejaribu dawa ya tuzo. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell, iliyokuja kujulikana kama Safal-Cornell, imekuwa ikigawa dola 15,000 kwa washindi wake na kuwatafutia mchapishaji. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayotolewa tangu 2023 karibu na tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu; mshindi wa kwanza huondoka na shilingi milioni 10. Wengi huandika kuhusu hizo milioni. Mimi ningetazama kifungu kingine cha tuzo hiyo ya pili: kwamba serikali hugharimia kuchapisha kazi zilizoshinda na kuzipeleka shuleni na maktabani. Pesa ya zawadi huisha kwa ada na mabati. Sanduku la vitabu likifika maktaba ya mkoa, limekaa.

Tusemeje basi kuhusu uzinduzi wa kitabu, hii ibada ya siku hizi yenye ukumbi, mgeni rasmi, keki iliyochorwa jalada na nakala ya kwanza inayonadiwa kwa laki tano? Silaumu anayeufanya, wengine hurudisha gharama yote ya chapa jioni moja. Ila tuuite kwa jina lake, ni harambee. Waliokuja wamekuja kwa ajili ya mtu, na ndiyo maana nakala nyingi zilizonunuliwa pale hazifunguliwi. Kamera zinapeleka habari mikoa yote usiku huohuo, na maboksi yote ya kitabu yako kwenye ukumbi mmoja wa Dar es Salaam. Kwa gharama ya viti na vinywaji peke yake, mwandishi angeweza kuweka nakala kumi kumi kwenye miji mingi tu kabla ya kufungua mdomo, halafu akatangaza.

Kizazi cha simu kimeligundua hilo bila kufundishwa. Angalia jinsi riwaya inavyouzwa leo kwenye Facebook na WhatsApp. Mwandishi anatoa sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure, kipande kimoja kila jioni, na chini yake anaandika ITAENDELEA. Watu wanagombana kwenye maoni kuhusu nani baba wa mtoto. Sehemu ya kumi na moja haiji; badala yake inakuja namba ya simu na maelezo mafupi: anayetaka mwendelezo wote atume shilingi elfu tatu, alete meseji ya muamala, atatumiwa faili. Hakuna duka, hakuna nauli, na kati ya hamu na malipo pana sekunde chache. Ni gazeti lilelile la Ijumaa limerudi, ila sasa muuzaji yumo ndani ya mfuko wa mnunuzi. Ubora unatofautiana, zipo za ovyo kabisa zenye herufi kubwa zisizo na mpango, na zipo ambazo mhariri mzuri angezifanya vitabu vya kudumu.

Wanaopinga wanasema faili moja likishauzwa, kesho liko kwenye makundi hamsini bure, na ni kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kumpeleka mahakamani aliyefowadi hadithi kwa shemeji yake ni jambo lingine. Lakini wizi wa nakala haukuletwa na WhatsApp. Riwaya za mitihani zimekuwa zikidurufiwa nzimanzima kwenye maduka ya steshenari kwa miaka, zikibanwa pini pembeni na kuuzwa nusu bei, na mara nyingi sababu ilikuwa kwamba nakala halali haikuwepo mjini. Waandishi wa simu wamejitungia dawa yao: wanagawa kwa sehemu ndogondogo ndani ya kundi la waliolipa, wanamtoa anayevujisha, na kwenye kila ukurasa wanaweka jina lao na namba ya malipo. Faili likivuja, namba inavuja nalo. Si wote wanaolipa. Wapo wanaolipa, na wanatoka Lubumbashi, Bujumbura na Muscat, mahali ambapo hakuna duka lolote la Dar es Salaam au Nairobi lingewafikia.

Kitabu cha karatasi nacho kimepata njia yake, ambayo haimo kwenye mpango wa wizara yoyote. Mteja wa Sumbawanga analipa kwa simu. Mwandishi anatia nakala kwenye bahasha ya kaki, anaandika jina na namba ya mpokeaji kwa maka peni, anaipeleka ofisi ya basi kwenye stendi ya Mbezi, analipa ya kifurushi na kupiga picha risiti. Kesho yake jioni mteja anakwenda stendi na kitambulisho. Kwa nakala moja, nauli ya kifurushi inakula faida karibu yote, kwa hiyo walio wajanja hawatumi moja. Wanamtafuta mtu wa palepale, mwalimu, mwenye kibanda cha vocha, fundi simu, wanamtumia nakala ishirini kwa bahasha moja na kumwachia elfu mbili kwa kila atakayouza. Baada ya hapo mwandishi akienda redioni na kuulizwa kitabu kinapatikana wapi, anaanza kusoma orodha: Sumbawanga, kibanda cha pili ukitoka stendi, Mpanda, kwa mwalimu fulani wa sekondari, Tunduma, pale wanapotengeneza simu, na mtangazaji anamkatiza kwa sababu muda wa matangazo ya biashara umefika.